Kizazi cha Kumi na Nne

Pale One Way, dukani kwa Mbeleje,
wameiweka kiooni juu ya kitambaa cheusi
kama keki ya kipaimara.
Milioni tatu na laki nne.
"Kizazi cha kumi na nne," kijana ananiambia,
na anavyolitamka neno kizazi
utadhani alikuwepo wakizaliwa wale kumi na watatu.

Mimi ukoo wangu naujua hadi kwa Chidumizi,
babu wa babu, aliyehama Mvumi kwa njaa.
Hapo ndipo kamba inapokatika.
Kompyuta hii ina nasaba ndefu kuniliko.

Nauliza, cha kumi na tatu kilikufa kwa ugonjwa gani?
Anacheka. Hakikufa, mzee, kimepitwa tu.
Anaifunua. Bawaba haitoi sauti.
Naishika kwa vidole
kama sahani ya kuazima.

Kipya kinyemi. Najua,
na najua methali inavyomalizikia.

Yangu iko begani, ina miaka saba.
Herufi M imefutika kabisa:
M ya mpaka, M ya mita, M ya mgogoro.
Kazi yangu ni kuchora viwanja vya watu.
Nala, Ihumwa, Mahomanyika.
Nikifungua ramani ya kitalu
viwanja hujitokeza kimoja kimoja
kama mvua yetu ya Desemba:
tone, unangoja, tone.
Nachemsha chai, nakunywa, nasuuza kikombe,
barabara bado haijafika kanisani.

Sechelela, wa meza ya jirani, alinunua mwezi wa tano,
mkopo wa miezi kumi na minane.
Kwake ramani huja nzima, vuu,
kabla hajakaa vizuri kitini.
Sitasema uongo. Wivu ulinikaa kooni
kama pumba za uwele.
Ila mshahara ukiingia
husoma ujumbe wa benki, akailaza simu kifudifudi.
Na jioni tunatoka saa ileile,
maana bosi aliona mashine inakimbia
akamwongezea vitalu viwili.

Jumamosi nikaenda Majengo kwa fundi Ndahani.
Akaifungua kwa bisibisi nyembamba kama mwiba.
Feni ilikuwa imeshiba vumbi jekundu.
"Hii ardhi ya wapi?"
Mchanganyiko, nikamwambia. Ipime, umpe siafu hati.
Akapuliza, tukakohoa wote wawili.
Akaongeza memori, akaweka diski isiyozunguka.
Laki moja na themanini, na soda akaninunulia yeye.
"Betri sijaigusa," akasema.
"Betri ni kuomba Mungu."

Sasa ramani huja kwa mafungu.
Nusu kikombe, na barabara imefika kanisani,
imepita hata kanisa.

Milioni tatu na laki nne ni tofali elfu mbili.
Nimezipiga hesabu usiku nikiwa macho:
chumba na sebule, hadi kwenye linta.
Nala nina kiwanja, namba mia mbili arobaini na moja,
nilikichora mwenyewe,
pembe zake zote nazijua kwa tarakimu,
na hakina hata tofali la kukalia.

Kisha juzi, saa nane mchana, umeme ukakatika.
Yangu ikazima hapo hapo
ikaenda na kazi yote ya asubuhi.
Ya Sechelela ikaendelea, mwanga wake usoni mwake.
Hakusema neno.
Alivuta kiti cha pili, akanisogezea,
nikawa namsomea vipimo, yeye anaandika,
mpaka giza likaingia dirishani.

Leo nimepita tena One Way.
Kitambaa cheusi ni kilekile, karatasi ya bei imebadilika.
Milioni mbili na laki tisa.
"Cha kumi na tano kimeshafika bandarini," kijana ananiambia.
Nikakitazama kile cha kumi na nne pale kiooni,
nikakionea huruma, kijana namna hii
na tayari anaitwa wa zamani.

Nikauliza kama wanapokea kwa awamu.
Nimeuliza tu.